Wezi wa vito kwenye meza za vitabu Malindi

Riwaya za mapenzi na taharuki zinazohusu wezi wa vito hazikosekani Malindi. Huja na wageni, huachwa hotelini na kwenye nyumba za kupangisha, kisha huishia kwenye meza za vitabu vya mitumba, zimebanwa kati ya kitabu cha mapishi na kamusi iliyochakaa. Nyingi ni za Kiingereza, za Kitaliano zinafuata, na za Kijerumani huchomoza moja moja. Wanaosoma Kitaliano, na mjini hapa wapo, huziweka pamoja na riwaya zote za uhalifu na kuziita gialli, yaani za manjano, kwa sababu ya majalada ya manjano ambayo kampuni ya Mondadori ilianza kuyatoa mwaka 1929. Jalada lolote lile, picha ni ile ile: mwanamke aliyempa mtazamaji mgongo, kidani shingoni, bahari ya buluu mbele yake, na pembeni mkono wa mwanamume uliovaa glovu. Bei haizidi sana nauli ya tuktuk. Kwa bei hiyo mtu hununua tatu akajutia mbili, na tathmini hii ni ya kumsaidia achague ile ya tatu.

Tuanze na utamu wenyewe. Katika riwaya ya ujambazi ya kawaida, mlango huvunjwa. Katika hizi, mlango hufunguliwa na mwenye nyumba, tena kwa tabasamu. Mwizi anataka kujua kidani kinalala wapi, kinavaliwa lini, ufunguo unakaa na nani, na anayeyajua yote hayo ni mwanamke anayeanza kumpenda. Kila mwanamke anapofunguka kidogo zaidi, mwizi anapata kipande kingine cha ramani. Msomaji anafurahi na kuogopa kwa sentensi moja. Mwandishi hahitaji shangazi mkorofi wala barua iliyopotea ili kuwatenganisha wapenzi, maana kile kile kinachowaleta karibu ndicho kitakachowaangusha.

Msomaji wa pwani ana kipimo chake hapa. Huku dhahabu ya mwanamke ni mali yake mwenyewe: ya mahari, ya kurithi kwa mama, au aliyojinunulia kwa sonara kidogo kidogo kwa pesa za mchezo. Haianikwi. Hufungwa kitambaa ikawekwa ndani ya kasha, na pengine ni binti mkubwa tu aliyeonyeshwa ilipo. Kwa hiyo ile sura ambapo bibi anamwambia mgeni wake, "Kachukue wewe, ufunguo uko chini ya kinara," msomaji wa mbali huipita haraka, lakini msomaji wa Lamu hukiweka kitabu mapajani. Ameona amana ikikabidhiwa. Riwaya inayoujua uzito wa tendo hilo ni ya kununua. Inayolifanya liwe njia ya mkato ya kufikia sefu, iache hapo mezani.

Mbinu hii haikubuniwa na waandishi. Mwaka 1671 Thomas Blood alitaka kuiba taji la mfalme wa Uingereza lililotunzwa kwenye ngome ya Tower of London, na hakuanza na nyundo. Alivaa mavazi ya kasisi, akaja na mwanamke aliyejifanya mkewe, naye mwanamke akasingizia maumivu ya tumbo mbele ya mtunza vito, mzee Talbot Edwards. Mke wa mzee akamkaribisha ndani apumzike. Baada ya siku chache Blood akarudi na glovu za zawadi kushukuru. Urafiki ukaota, watu wakala meza moja, hatimaye ikaja posa: mpwa wa Blood amwoe binti wa Edwards. Tarehe 9 Mei alifika asubuhi na wenzake kana kwamba wamekuja kwa shughuli ya uchumba, na hapo ndipo nyundo ilipotoka. Mzee akapigwa, taji likapondwa ili lifichike chini ya joho, fimbo ya kifalme ikaanza kukatwa kwa tupa. Walikamatwa wakikimbia, na Mfalme Charles II, ajabu ya maajabu, akamsamehe Blood na kumpa ardhi Ireland. Kila kitu kinachouza riwaya hizi kimo humo: mgonjwa wa uongo, zawadi ndogo, posa, msamaha usiotarajiwa. Anayekosekana ni yule binti. Katika kisa cha kweli hana sauti kabisa. Riwaya nzuri za aina hii ni zile zinazoanzia kwake: alijua lini, alinyamaza kwa nini, na alipomtazama tena yule mwanamume aliona nini.

Kipimo cha pili ni ufundi, na unaweza kukitumia ukiwa bado umesimama mezani. Fungua sura ya wizi, utafute kishikizo cha kidani. Waandishi wengi hupenda mwizi avue kidani shingoni katikati ya dansi, kwa vidole viwili, mwenyewe asihisi. Kidani cha thamani hakifunguki hivyo. Mara nyingi kishikizo chake ni kijisanduku ambamo huingizwa ulimi wa chuma chembamba kilichokunjwa. Ulimi ule sharti ubonyezwe ndipo uteleze utoke. Pembeni pana kishikizo cha pili cha usalama, kiduchu, chenye umbo la nane, na hicho hufunuliwa kwanza. Mikono miwili inahitajika, na mwanga. Kisha mnyororo ukiachia, uzito wote huporomokea kifuani na mwenyewe huhisi ubaridi pale palipokuwa na kidani. Mwandishi anayeyajua haya humfanya mwanamke mwenyewe aombe afunguliwe. Anageuka, anainua nywele, anainamisha shingo. Mwizi anabaki na mikono yote miwili kazini, akihesabu pumzi za mtu ambaye hawezi kuuona uso wake. Wizi na mapenzi vimetokea katika tendo lile lile, na sonara yeyote akisoma hatapata pa kukosoa.

Lulu ndizo zinazowaumbua wavivu. Wanapenda uzi ukatike, lulu zimwagike ngazi nzima, na wapenzi wapige magoti kuziokota. Uzi mzuri wa lulu hupigwa fundo kati ya kila lulu na mwenzake. Lulu ni laini, kama 2.5 tu kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs ambacho almasi hufikia 10, kwa hiyo fundo huzizuia zisisuguane. Na uzi ukikatika, huanguka moja au mbili, nyingine zikabaki. Zikiviringika zote, ule ulikuwa ushanga wa bei rahisi, na mwandishi aliyetuambia ni urithi wa karne mbili ametudanganya bila kujua.

Yupo pia shujaa anayeigonga almasi kwa nyundo kuthibitisha kwamba ni ya kweli. Almasi haikwaruzwi na kito kingine, lakini ina mielekeo ya kupasukia, na pigo likiipata vibaya inagawanyika. Zumaridi ni dhaifu zaidi: nyingi zina nyufa za asili zilizojazwa mafuta, na mwizi anayeing'oa kwenye pete kwa moto anaweza kubaki na kipande cha kijani kilichofifia na kupasuka. Uzito nao unawashinda wengi. Karati 1 ni gramu 0.2. Bibi anayechubuliwa shingo na almasi moja ya karati 100 amebeba gramu 20, sawa na vijiko vinne au vitano vya chai vya sukari.

Sura za kusoma polepole ni zile za baada ya wizi, na hapo ndipo riwaya nyingi hufa. Mwandishi wa kawaida hukifanya kito kuwa kama noti: kimeibwa jioni, asubuhi kimekuwa boti na nyumba kisiwani. Dhahabu inaweza kupotea hivyo. Huyeyuka kwa nyuzi 1,064 za Selsiasi, na ikishayeyuka, ile ya karati 22 tunayoipenda pwani, yenye asilimia 91.6 ya dhahabu halisi, haiulizwi ilitoka shingoni mwa nani. (Karati ya dhahabu ni kipimo cha usafi, ile ya vito ni ya uzito, riwaya inayozichanganya irudishe.) Kito kikubwa hakiyeyuki. Kinajulikana kwa rangi, kwa uzito, kwa kasoro zake za ndani, na almasi nyingi za siku hizi zina namba iliyochorwa kwa leza kwenye ukingo, ndogo kiasi kwamba huisomi bila kioo cha kukuzia. Ili kukiuza lazima kikatwe upya, na kila kikikatwa kinapungua uzito na thamani. Mnunuzi wa mali ya wizi naye hutoa sehemu ndogo tu ya bei ya dukani.

Basi mwizi wa kweli wa kito maarufu ana mzigo: hawezi kukiuza, hawezi kukivaa, hawezi kumpa ampendaye. Mwandishi hodari humuacha hapo. Anaye mwanamke mmoja aliyewahi kumwamini, na kitu alichokipata kwa kumsaliti hakina mahali pa kwenda isipokuwa kurudi kwake. Mapenzi yanapata sababu ya kurudi mlangoni bila kulazimishwa na mwandishi.

Mambo ya kweli yanathibitisha kwamba kinachoangusha ni vidogo. Wezi wa Antwerp, Ubelgiji, wa Februari 2003 walivishinda vizuizi vyote vya chumba cha hazina ya almasi, wakafichuliwa na takataka walizotupa kando ya barabara kuu. Mwaka 1964, yakuti ya buluu iitwayo Star of India, karati 563, ilitolewa kwenye jumba la makumbusho la New York kupitia dirishani, na king'ora cha kabati lake kilikuwa kimeishiwa betri; ilipatikana ndani ya kabati la kuhifadhia mizigo kwenye kituo cha basi Miami. Wezi wa jumba la makumbusho la Louvre, Paris, wa Oktoba 2025 waliliangusha taji la Eugénie, mke wa Mfalme Napoleon III, wakati wa kukimbia. Riwaya ambayo mwizi wake hakosei hata mara moja inachosha ifikapo sura ya sita.

Angalia pia mwanamke anaujua ukweli lini. Akiujua kabla ya nusu ya kitabu, nusu iliyobaki ni ya watu wawili wanaojuana, na kila busu lina gharama. Akiujua sura ya mwisho, amempenda mtu ambaye hakuwepo, na msamaha wake hauna uzito wowote. Angalia na nani anaibiwa. Waandishi wengi hujificha nyuma ya maneno "bima italipa". Lakini mali ya urithi hailipiki kwa hundi, na mwizi anayemvua mjane pete yake hatasamehewa na wasomaji wa huku hata awe mzuri vipi wa uso.

Wanaokaa Lamu watazitazama kwa jicho kali sura za mapaa. Pwani ya Ufaransa ndiyo nyumbani kwa mwizi huyu, anaruka kutoka paa hadi paa la vigae usiku. Anayejua wikio linavyounganisha nyumba mbili juu ya uchochoro, na namna paa la makuti linavyochakarisha hata paka akipita, atajua mara moja kama mwandishi amewahi kupanda paa lolote. Inasikitisha kwamba karibu wote huishia kwenye almasi, wakati tsavoraiti, kito cha kijani kilichopewa jina la Tsavo mwaka 1974, kinachimbwa Kenya na Tanzania, na barabara itokayo Malindi huingia kwenye mbuga hiyo kwa lango la Sala. Riwaya ya Kiswahili yenye kito hicho, jahazi na kasha la droo za siri ingepata wasomaji wake kesho.

Anayemnunulia binti wa miaka kumi na mitano apitie kwanza sura za katikati. Nyingi, hasa za Marekani za miaka ya karibuni, huingia chumbani na kukaa humo kurasa kadhaa. Za zamani hufunga mlango.

Mwisho ni nakala yenyewe. Vitabu hivi vimeshikwa kwa gundi tu, havikushonwa, na gundi ya zamani hukauka ikawa kama ganda. Usikikunjue kitabu kwa nguvu. Kifungue katikati taratibu usikilize uti wake; ukilia, kurasa zitaanza kutoka ndani ya wiki. Kinuse, maana unyevu wa bahari huzalisha ukungu, na kitabu chenye ukungu huwaambukiza wenzake kwenye rafu. Kisha hesabu kurasa za mwisho moja moja. Hizo ndizo hudondoka kwanza, na ni kwenye kurasa hizo ambapo kidani hurudishwa shingoni.