Spektroskopu ya Mkononi kutoka Duka la Vifaa vya Shule, Malindi

Spektroskopu hii, yaani kifaa cha kutenganisha nuru katika rangi zake, inastahili sifa, hasa kwa walimu wa fizikia wa shule za sekondari. Nilipoielekeza kwenye mrija wa hidrojeni uliopitishiwa umeme, mstari mwekundu wa nanomita 656 (urefu wa wimbi la nuru yake) uling'aa waziwazi, ukafuatwa na wa samawati wa 486 na wa zambarau wa 434, ambao ulikuwa hafifu; kila mmoja hutokea elektroni inaposhuka hadi ngazi ya pili ya nishati.

Mchana, ukiielekeza kwenye ukuta uliopakwa chokaa (kamwe usiielekeze kwenye jua lenyewe, kwani utaharibu macho) na kuubana vizuri mwanya wa nuru, mstari ule wa 486 huonekana mweusi katikati ya rangi, kwa kuwa hidrojeni ya tabaka za nje za jua hufyonza nuru itokayo chini yake. Elementi hiyohiyo, ndani ya kiini cha jua chenye joto la nyuzi milioni 15 hivi, huungana kuwa heliamu na kutoa nishati inayotuangazia.

Kasoro ni vipimo vya ndani, vilivyochapishwa kwa wino uliofifia mno. Mwanafunzi atahitaji kuelekezwa mwanzoni.