Kuficha nyaya kwenye chumba cha gemu: kipi ununue kwanza

Chumba cha gemu hakitulii. Leo umeongeza skrini ya pili, kesho konsoli inahamia upande mwingine, keshokutwa chaja ya pedi inatafuta soketi. Kwa hiyo vifaa hivi nimevipanga kwa swali moja: ukitaka kuutoa waya mmoja, utatoka bila kuvuruga mingine? Uzuri nimeuweka nafasi ya pili.

Namba moja ni trei ya chuma inayofungwa chini ya meza, pamoja na mikanda ya velkro, ile ya kunata na kubanduliwa. Trei inabeba ekstensheni nzima na adapta zake, sakafu inabaki wazi ya kufagia, na ile ya nondo nyembamba zilizoachana inaruhusu joto kutoka. Pima kwanza adapta yako kubwa kuliko zote. Trei nyingi fupi kimo hupokea ekstensheni vizuri, halafu adapta ikichomekwa inagota kwenye ubao wa meza. Ya skrubu hushika imara zaidi. Ya kubana ukingoni ni ya meza usiyotaka kuitoboa. Velkro nunua ya roli, ukate urefu unaoutaka. Vile vifungo vya nailoni vyenye meno ni rahisi kupatikana, lakini vikikazwa sana vinabana ganda la waya, na kuvitoa ni kupitisha mkasi pembeni kabisa ya waya wa umeme. Mimi sivitumii hapo.

Ya pili ni tranki, ule mfereji wa plastiki wenye kifuniko cha kubonyeza. Kwa runinga ya ukutani sijaona kinachoishinda. Unalaza waya, unabonyeza kifuniko, basi. Ya milimita 16 kwa 16 hujaa haraka. Ukiwa na waya wa umeme na HDMI mbili (nyaya za picha na sauti), chukua 40 kwa 25 na uiache na nafasi ndani. Gundi ya nyuma haishiki ukuta unaotoa vumbi, hapo tumia skrubu. Baadaye unaweza kuipaka rangi ya ukuta.

Sanduku la kufichia ekstensheni linafuata, kwa wale ambao ekstensheni yao lazima ikae sakafuni. Tafuta lenye matundu ya hewa na plastiki isiyoshika moto kwa urahisi. Usilijaze waya uliokunjwa bumba: waya uliokunjwa ukibeba umeme mwingi hupata joto kali. Jumlisha pia wati. Konsoli ya PS5 ya toleo la kwanza imeandikwa wati 350. Ongeza runinga, spika na kompyuta, kisha linganisha na kiwango kilichoandikwa kwenye ekstensheni. Hita usiichomeke humo kabisa, na ekstensheni usiichomeke kwenye ekstensheni nyingine.

Soksi ya waya inapendeza nyuma ya meza inayoonekana. Chukua ya zipu au iliyopasuliwa ubavuni, maana ile ya bomba inakulazimu kuchomoa kila kitu ili kuongeza waya mmoja.

Kifuniko cha mpira cha sakafuni kinunue tu pale waya unapolazimika kukatiza njia ya watu. Usiupitishe chini ya zulia badala yake. Unakanyagwa, ganda linachanika, joto linakosa pa kwenda, na hakuna atakayeona mpaka moshi utokee.

Kuficha ndani ya ukuta nimekuweka mwisho, ingawa ndiko kunakopendeza kuliko kote. Waya wa kawaida wa runinga haukutengenezwa kufungiwa ukutani, na kanuni za umeme za nchi nyingi zinakataza. Njia salama ni kumwita fundi umeme aweke soketi nyuma ya runinga. Akiwa hapo hapo, mwambie alaze bomba pana la kupitishia HDMI, mbali na la umeme, ili siku ukibadilisha waya uuvute tu na kuingiza mwingine.