Karakana ya Magongo Inayopokea Oili Chafu

Kwa miezi minane nilikuwa nimehifadhi nyuma ya nyumba yetu hapa Mikindani, Mombasa, madumu matatu ya oili chafu, chupa ya oili ya breki na galoni la maji ya rejeta, mabaki ya Peugeot 504 ninayoifufua siku za Jumapili. Kila fundi niliyemwuliza alinishauri niyamwage mtaroni au nizipake oili mbao za ua kuzuia mchwa, ilhali mtaro wetu unateremka moja kwa moja hadi kwenye mikoko ya hori la Tudor.

Hatimaye nilielekezwa kwenye karakana moja ya Magongo, isiyo na bango, ambayo hukusanya oili ya injini na kuiuza kwa wanaoisafisha upya. Kilichoniridhisha ni uangalifu wa mzee anayeipokea. Hakumimina dumu lolote kwenye pipa kabla ya kulinusa na kudondosha tone juu ya kipande cha gazeti. Mawili aliyakubali. La tatu, ambalo oili yake ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa tangu gasketi ya injini ilipoungua, alilisukuma kando akasema, "Hii imeingia maji, mwanangu, nikiichanganya na hizi nimeziharibu zote." Aliniuliza pia kama nimetia petroli humo, kwa kuwa petroli kidogo tu huifanya oili kuwa hatari inapopashwa moto. Filta alizitoboa kwa msumari akazipindua juu ya beseni zichuruzike hadi kesho yake. Betri kuukuu aliinunua kwa kilo pamoja na asidi yake, wakati wanunuzi wengine niliowaendea walitaka niimwage kwanza.

Kasoro zipo. Oili ya breki na maji ya rejeta hawapokei kabisa. Maji hayo yana ethilini glikoli, sumu yenye ladha tamu, na mbuzi wa mtaani kwetu hawachagui wanachokunywa. Nimeyarudisha nyumbani na kuyafungia kabatini. Zaidi ya hayo, nilipoomba kuiona leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ya gari linalobeba oili, inayotakiwa na kanuni za taka za mwaka 2006, niliambiwa karatasi anazo dereva, na dereva hakuwapo.

Mzee alisema gari hupakia Jumanne asubuhi. Dumu lijalo nitalipeleka siku hiyo, saa mbili.