Unyevu wa Juni na Julai: jiko la mkaa au dirisha?

Asubuhi ya Julai pale Uyole au Njombe, kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania, vioo vinatiririka maji na bati lisilo na dari linadondosha matone hadi kitandani. Hakuna kilichovuja. Ni mvuke wa pumzi, wa chai na wa nguo zilizoanikwa ndani. Mvuke huo ukigusa bati la baridi unageuka maji.

Wengi huingiza jiko la mkaa. Joto linapatikana, ila mvuke unabaki palepale. Mkaa ukizima usiku, bati linapoa na matone yanarudi. Baya zaidi, mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Hata mkaa ulioshika vizuri, mwekundu bila moshi, huitoa. Jiko lisilale chumbani, hata kama dirisha liko wazi kidogo. Hapa hatuna mjadala.

Dirisha ndilo linalotoa mvuke wenyewe. Kipupwe cha Mbeya na Iringa ni kikavu, kwa hiyo kati ya saa 6 na saa 9 mchana fungua madirisha mawili yanayotazamana kwa dakika 15 hivi. Asubuhi futa vioo kwa kitambaa, ukikamulie nje. Kabati likae sentimita 10 mbali na ukuta, maana kuvu huanzia nyuma yake pasipopita hewa. Tukuyu, kwenye mvua nyingi, subiri jua litoke kwanza.

Baridi ya usiku? Ongeza blanketi.