Wodi ya watoto: manesi wa moto, kaunta ya malipo majanga

Matibabu nawapa nyota nne, kaunta ya kulipia moja na hiyo moja nimeonea huruma. Jina siandiki, ni hospitali ya binafsi hapahapa Dar.

Mtoto wetu wa miezi minne alilazwa na mafua. Najua kuna mtu atauliza mafua nayo ya kulaza mtoto?? hata mama mkwe alisema hivyohivyo. Jamani hizi siyo kamasi za kawaida, ni influenza, na vichanga wa chini ya miezi sita ndo inawashika vibaya, njia za hewa nyembamba, kinga bado, na chanjo yake hawachomwi mpaka wafikishe miezi sita. Mwaka 2018 inakadiriwa watoto kama 870,000 wa chini ya miaka mitano walilazwa duniani na vichomi vinavyohusishwa na kirusi hiki, karibu robo yao hawajafika miezi sita.

Kilichofanya niwaamini ni nesi wa mapokezi. Alimfunua mtoto kifua, akaweka saa ya simu, akahesabu pumzi dakika nzima bila kuongea na mtu. Umri ule pumzi 50 kwa dakika na kuendelea ni haraka, wetu alishapita hapo na chini ya mbavu panabonyea kila akivuta hewa. Akabanwa kidude cha kupima oksijeni ya damu kidole cha mguu, ikasoma chini ya asilimia 90, tukapandishwa wodini hata faili halijafunguliwa. Kuna hospitali mjini hapa daktari anakuangalia usoni wewe mzazi, anaandika antibiotiki na dawa ya kikohozi, haya mwingine aingie.

Hawa walichukua kipimo cha puani wakapiga na eksirei, daktari akatuambia kirusi hakisikii antibiotiki, wataanza nayo wakiona bakteria wamedandia. Ikawa oksijeni ya mrija, matone ya maji ya chumvi puani na kuvuta kamasi kabla ya kunyonya, maana akiziba pua hanyonyi na asiponyonya anaishiwa maji.

Sasa oseltamivir, dawa ya kirusi chenyewe, inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya masaa 48 tangu dalili, na famasi yao hawana! Kaka yangu kazunguka na bodaboda mpaka kaipata. Mnalaza vichanga halafu mnakosa hiyo?

Kaunta ndo usiseme. Mtoto yuko kwenye oksijeni naitwa nishuke kuongeza dipoziti, mtandao wa kulipia umekata, eti nikatafute wakala nje. Saa nane usiku, wakala yupi?

Wodi safi, vitanda vimeachana, na mgeni mwenye kikohozi anarudishwa getini, shangazi yake mtoto alinuna mpaka leo 😂

Mama watoto kaambiwa mimba ijayo achome chanjo ya mafua, kinga inapita kwa mtoto. Kwenye ratiba ya kliniki zetu haimo, unanunua mwenyewe, pale wanayo ila piga simu kwanza maana huwa inaisha. Mkubwa wetu wa miaka mitatu nimeshamchomesha, kwa vile ni mara yake ya kwanza anapata dozi mbili zikiachana wiki nne. Bima yetu haikulipia hata moja.