Kadi ya magemu kwa wa Tanga: ipi inakuza picha vizuri?

Muuzaji akikwambia kadi "ina AI", muulize inafanya nini. Tunachotaka hapa ni kitu kimoja: kadi ichore gemu kwa udogo, tuseme pikseli 1280 kwa 720, halafu akili mnemba iikuze picha hadi 1920 kwa 1080. Frem (idadi ya picha kwa sekunde) zinaongezeka, na ukiziwekea kikomo kadi haichemki sana. Kwa joto letu hilo si jambo dogo.

Namba moja naipa RTX 3060 ya Nvidia yenye kumbukumbu ya GB 12, mtumba. Ni ya 2021, lakini ukuzaji wa DLSS 4 (teknolojia ya Nvidia ya kukuza picha) uliotoka Januari 2025 unafanya kazi hata kwenye RTX za 2018. Inachokosa ni kuzalisha frem za ziada, ambazo hata hivyo hazifanyi gemu liitikie mkono haraka. Ipo pia 3060 ya GB 8, dhaifu zaidi, kwa hiyo soma namba vizuri. Ukiagiza Kariakoo ije kwa basi, anayekununulia aijaribu kwa gemu zito kabla ya kulipa, asiridhike kuona Windows imewaka. Ukiinunua hapahapa Ngamiani, kagua kutu kwenye skrubu na mapezi ya kupozea. Hewa ya chumvi haina huruma.

Mwenye hela ya kadi mpya achukue RX 9060 XT ya AMD, ya GB 16. FSR ni ukuzaji wa AMD; FSR 4 ndiyo ya kwanza inayotumia akili mnemba, na picha yake inaikaribia sana DLSS, ila si kila gemu linayo.

Ya tatu ni Arc B580 ya Intel. XeSS yake, yaani ukuzaji wa Intel, ni nzuri, lakini kadi inataka mashine yenye Resizable BAR (uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo). Deskitopu za ofisi za mtumba, zile za i5 kizazi cha nne, zitaiangusha.

RTX 5060 naiweka ya nne, najua nitapingwa. Picha tamu, ila GB 8 kwa kadi mpya ni kubanana.

GTX 1660 Super iache. DLSS haina, na FSR za zamani kwenye skrini ya 1080 hufanya majani na nyaya zimetemete.

Kabla ya yote angalia paua saplai: kwa 3060 inapendekezwa wati 550, na za deskitopu za ofisi mara nyingi hazifiki hapo. Itenge hela hiyo kwanza, pamoja na ya stebilaiza.