Uzoefu wangu: basi la kijijini wilayani Satara, Maharashtra

Wewe unayesoma Pune, hapa magharibi mwa India, ukialikwa kwao rafiki yako huko kwenye milima ya Sahyadri, panda ST. Ndivyo kila mtu huku anavyoyaita mabasi mekundu ya shirika la usafiri la jimbo la Maharashtra, yaliyoanza kazi Juni 1948. Mimi huyatumia kwenda kijiji kimoja upande wa Patan, na nayapenda kwa dhati.

Safari huanzia stendi ya Swargate, mjini Pune. Hadi mji wa Karad ni barabara kuu, magari hayakatiki, na hata treni inafika. Ukishaingia Patan hali inabadilika, kwa sababu basi la kijijini ni la asubuhi na jioni tu. La jioni hulala huko huko: dereva na kondakta hupewa mahali pa kulala, na alfajiri wanaondoka na wanafunzi, wenye mizigo ya sokoni na wagonjwa wanaowahi hospitali. Ukilikosa, unabaki na gari za jeep za watu binafsi. Hizo hazina ratiba, huondoka zikijaa, na zikijaa bado wapo watakaoning'inia nyuma. Kwenye kona zile, moyo ulikuwa juu muda wote.

Kilichonigusa zaidi ni nauli. Tangu Agosti 2022, wenye umri wa miaka 75 na zaidi hawalipi. Tangu Machi 2023, wanawake wanalipa nusu. Aaji, bibi yake rafiki yangu, huonyesha kitambulisho, kondakta akamtolea tiketi ya bure na kumpokea mfuko. Zamani kwenda kupima presha mjini kulingoja mwanawe atume hela kutoka Mumbai.

Na hiyo Mumbai ndiyo inayovuruga hesabu ya watu. Wanaume wengi wa vijiji hivi wanatafuta riziki huko. Siku za kawaida ndani ya basi utakuta wazee, kina mama na watoto wa shule. Ikifika sikukuu ya Ganpati au Diwali, hakuna pa kuweka mguu. Sensa ya mwisho ya India ni ya 2011. Ile ya 2021 iliahirishwa, na inayofuata ni ya 2027.

Idadi ya watu kwenye sensa ina uzito, kwa kuwa ndiyo inayoamua lami iishie wapi. Mpango wa serikali kuu wa barabara za vijijini, ulioanzishwa Desemba 2000, uliweka kiwango cha makazi yenye watu 500 au zaidi. Kwa majimbo ya milima kama Himachal Pradesh, na kwa maeneo ya jangwa na ya makabila, kiwango ni 250. Maharashtra haihesabiwi kuwa jimbo la milima, japo ukipanda Sahyadri kwa miguu mapafu yako yatakuambia vingine. Awamu ya nne, iliyopitishwa Septemba 2024, inatumia takwimu za 2011.

Juu ya kijiji cha rafiki yangu kuna kitongoji cha nyumba chache. Basi hugeuzia kijijini, kwenye mti mkubwa karibu na hekalu. Wa kitongojini humalizia kwa miguu. Mgonjwa wa huko hushushwa kwa doli, yaani machela, amebebwa mabegani mwa vijana, mvua inyeshe isinyeshe. Sioni kwa nini mtu akose barabara kwa sababu majirani zake ni wachache. Wachache hao ndio wazee waliobaki kulinda mashamba, na wao ndio wanaohitaji gari kuliko kijana yeyote mwenye pikipiki. Kama kuna kitu kimoja ningeomba kibadilishwe, ni kiwango hicho.

Kwa atakayekwenda: nenda kuanzia Oktoba hadi Februari, maana Julai na Agosti maporomoko ya udongo huweza kufunga njia. Beba chenji. Usiku ule ule muulize kondakta saa ya kuondoka alfajiri, na uwahi kituoni mapema, kwa sababu viti vya mbele huachiwa wazee.